Amplifaya ya gitaa la stili: akiba ya nguvu kwanza, sauti baadaye

Mpigaji wa gitaa la kawaida akienda kununua amplifaya hutafuta ile inayompa sauti yake, na mara nyingi sauti hiyo ni ya amplifaya iliyozidiwa kidogo, yenye ukali na mkwaruzo. Gitaa la stili la pedali linataka kinyume chake. Linataka amplifaya isiyoongeza kitu, isiyozidiwa, na yenye nguvu nyingi ambazo kwa sehemu kubwa ya wimbo zitakaa tu bila kutumika. Asiyelijua hili hununua mara mbili.

Stili hulazwa juu ya miguu yake minne, na mpigaji hukaa kitini nyuma yake. Ina nyuzi kumi; nyingine zina shingo mbili, kumi kwa kumi. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unadonoa kwa kucha za kuvaa, mguu wa kushoto unakanyaga pedali zinazovuta nyuzi zipande, magoti yanasukuma wenzo. Mguu wa kulia uko juu ya pedali ya sauti muda wote. Kwa hapa Unguja na Pemba ni chombo kigeni, ila mlio wake si mgeni: aliyesikia muziki wa kantri wa Marekani redioni ameusikia, na aliyesikiliza bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria ameusikia mikononi mwa Demola Adepoju. Kwa taarab kina faida moja kubwa. Chuma kinateleza, hakifungwi na vizuizi vya shingoni, kwa hiyo robo za sauti za maqamu kama rasti na bayati zinapatikana kama zinavyopatikana kwenye fidla na udi.

Mguu wa kulia ndio unaoamua ukubwa wa amplifaya

Uzi ukidonolewa huanza kwa nguvu kisha hufifia. Mpigaji wa stili hudonoa pedali ya sauti ikiwa karibu nusu, na uzi unapofifia anaisukuma mbele taratibu ili sauti isishuke. Ndiyo maana nota ya stili husikika kama haiishi. Sasa tazama kinachotokea pale anapodonoa nota ya pili kabla mguu haujarudi nyuma: pigo jipya, lenye nguvu zote, linaingia mlango ukiwa wazi kabisa. Amplifaya inapokea kitu kikubwa mara nyingi kuliko kile ilichokuwa ikikitoa sekunde moja iliyopita, na hapohapo ndipo amplifaya ndogo zinapozidiwa na kukwaruza.

Hesabu yake si ngumu. Ongezeko la desibeli 10, ambalo sikio hulichukua kama sauti imekuwa mara mbili hivi, linahitaji nguvu mara kumi. Kama unapiga na bendi kwa wastani wa wati 8, na mapigo yanaruka desibeli 10 juu ya wastani, unahitaji wati 80 safi ili mapigo hayo yapite bila kukatwa vichwa. Wati 8 unazisikia. Zile 72 ndizo unazozilipia. Kuongeza kutoka wati 50 hadi 100 kunakupa desibeli 3 tu, yaani akiba kidogo zaidi, wala si sauti maradufu.

Kwa nini mkwaruzo usivumilike, ikiwa wenzetu wa gitaa la roki wanautafuta kwa pesa? Kwa sababu stili hupigwa nyuzi mbili au tatu kwa pamoja, na amplifaya iliyozidiwa huzalisha nota zake yenyewe kutokana na zile zinazoingia: jumla yake na tofauti yake. Chukua mpangilio wa nyuzi uitwao E9, ambao ndio unaotumika zaidi. Uzi wa 4 ni E, hezi 329.6. Uzi wa 5 ni B, hezi 246.9. Ukivipiga pamoja ndani ya amplifaya iliyozidiwa, inazaliwa nota ya tatu kwenye hezi 82.7, ambayo kwa bahati ni E ya chini, na masikio yanaikubali. Kanyaga pedali ya A: uzi wa 5 unapanda hadi C kali, hezi 277.2. Tofauti sasa ni 52.4. Yaani nota uliyoivuta inapanda, na nota ya bandia inateremka upande wa pili kwa wakati uleule. Hicho ndicho kile kitu kama mtu anayeguna chini ya wimbo, ambacho mafundi wengi hukitafuta kwenye spika wakidhani imechanika. Spika haina kosa.

Kwa mazoezi chumbani, wati 50 safi zinatosha. Kwa ukumbi wenye ngoma, besi na kinanda, anzia 80, na 200 si nyingi. Fender Twin Reverb, ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), wati 85 na spika mbili za inchi 12, imetumika miaka mingi kwa kazi hii. Peavey walitengeneza Session 400 na baadaye Nashville 400, ya transista, wati 210 na spika ya inchi 15, wakiwa na wapigaji wa stili akilini. Kisha ikaja Nashville 112, wati 80 na inchi 12, nyepesi zaidi. Hizi zote ukizikuta za mtumba katika hali nzuri, usiulize mara mbili isipokuwa suala la umeme, ambalo tutalifikia.

Wati za kwenye boksi

Ukizunguka maduka ya Darajani na Mlandege utaona spika na amplifaya zimeandikwa wati 3000, wati 5000, na pembeni herufi PMPO. Namba hiyo haina maana yoyote kwa mpigaji. Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha kuipata. Kila kiwanda huandika kipendavyo. Kinachosema kweli ni bati la nyuma, pale inapoingia waya ya umeme. Tafuta nguvu inayoliwa. Chombo kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 300 kwenye spika kwa mfululizo, hata boksi liandikwe nini. Amplifaya za zamani hugeuza takriban nusu ya kile zinachokula kuwa sauti, na kilichobaki kinakuwa joto. Za kisasa za daraja D hupoteza moja ya tano au chini ya hapo. Angalia pia fyuzi: ya ampea 1 kwenye volti 230 inakuambia kwamba chombo hakikusudiwi kula zaidi ya wati 230 kwa muda mrefu.

Tafuta maneno "RMS" au nguvu ya mfululizo, pamoja na ukinzani wa spika. "Wati 100 kwa omu 4" ni taarifa kamili. Ukiifunga amplifaya hiyo spika ya omu 8 utapata kama nusu hadi theluthi mbili ya nguvu, na hakuna kitakachoharibika. Ukiifunga spika mbili za omu 4 sambamba, jumla inakuwa omu 2, na amplifaya ya transista inaweza kuunguza transista zake za mwisho ndani ya wimbo mmoja. Ya valvu ina sheria yake: isiwashwe kamwe bila spika kufungwa, kwa kuwa ni transfoma yake ya kutolea sauti inayoungua, na hiyo ni bei ya nusu ya chombo.

Inchi 15 au 12?

Inategemea mpangilio wa nyuzi. Uzi wa chini kabisa wa E9 ni B ya hezi 123.5, ambayo spika nzuri ya inchi 12 inaitoa bila jasho. Mpangilio mwingine, wa C6, unashuka hadi C ya hezi 65.4, na hapo inchi 15 inajionyesha. Mpigaji wa E9 peke yake anayebeba boksi la inchi 15 kwa sababu tu wakubwa walibeba, anajitesa. Twin Reverb ina uzito wa karibu kilo 29. Za kisasa zenye sumaku ya neodimiamu na amplifaya ya daraja D haziufikii hata nusu yake, na tofauti hiyo utaijua siku ya kupanda na kushuka boti ya Dar es Salaam au kuingia Mkunazini mahali gari haifiki.

Ukiikosa ya stili yenyewe

Uwezekano mkubwa ni kwamba utaikosa. Kinachopatikana visiwani ni amplifaya za gitaa, za besi, za kinanda, na spika za ukumbini zenye amplifaya ndani. Bora kati ya hizo, kinyume na wengi wanavyodhani, ni ya besi. Ina nguvu, ni safi, na spika yake inastahimili. Kasoro yake ni pembe ndogo ya sauti za juu, ambayo kwa stili hutoa mlio wa kukata masikio. Nyingi zina swichi ya kuizima, izime.

Ya kinanda inafuata, kwa sharti hilohilo. Ikiwa pembe haizimiki, shusha kila kitu kilicho juu ya hezi 5000 au 6000. Ya gitaa la kawaida ya wati 15 au 20, iache kwa mazoezi ya nyumbani. Roland JC-120, yenye wati 120 za transista na spika mbili za inchi 12, inafaa sana kwa kuwa ilijengwa kuwa safi. Izime korasi yake, maana stili ina mtikisiko wake kutoka mkononi na haihitaji wa pili.

Spika za ukumbini kupitia miksa zinafanya kazi, ila usichomeke stili moja kwa moja kwenye tundu la laini. Tundu hilo lina ukinzani wa kilo-omu 10 hadi 20, na pikapu ya stili, yaani kinasa mitikisiko ya nyuzi, peke yake ina kilo-omu 15 hadi 20, takriban mara tatu ya pikapu ya gitaa la kawaida. Zikikutana, sauti za juu zote zinakufa na kinachobaki ni kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Tumia boksi la DI, kile kiboksi cha kuunganisha chombo na miksa, lenye umeme wake, la betri au la volti 48 kutoka miksa, lenye ukinzani wa megaomu 1 kwenda juu. La DI lisilo na umeme halitoshi kwa kazi hii.

Umeme, ambao ni sehemu ya amplifaya

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, soketi ya pini tatu bapa. Amplifaya iliyotoka Uingereza au Dubai inaingia moja kwa moja. Iliyotoka Marekani imejengwa kwa volti 120 na hezi 60. Ikichomekwa ukutani, cha kuomba Mungu ni fyuzi iwahi kukatika kabla transfoma ya ndani haijaungua. Mtumba wa Japani ni wa volti 100. Japani ina hezi 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi, kwa hiyo vyombo vya soko lao kwa kawaida huzikubali zote mbili, na tatizo linabaki volti tu. Chombo chenye maandishi "100–240 V, 50/60 Hz" hakina tatizo lolote. Kuna vingine vina swichi nyuma ya kuchagua volti. Ukiihamisha kutoka 120 kwenda 230, badilisha na fyuzi pia, kwani kwa volti maradufu mkondo unakuwa nusu na fyuzi ya zamani haitalinda kitu. Thamani sahihi mara nyingi imeandikwa hapohapo.

Kwa ya Marekani isiyo na swichi, nunua transfoma ya kushushia. Ukubwa wake: chukua wati zinazoliwa kama zilivyoandikwa nyuma, zidisha kwa mbili. Amplifaya inayokula wati 400 ipewe transfoma ya VA 800 au 1000 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma). Vile vibadilishi vyepesi vya wasafiri, vya pasi na vya kukaushia nywele, visikaribie amplifaya. Vinakatakata wimbi la umeme na kilichobaki kinanguruma.

Transfoma inashusha volti lakini haigusi hezi. Transfoma ya ndani ya amplifaya iliyokusudiwa hezi 60, ikilishwa volti 120 kwa hezi 50, usumaku katika chuma chake unazidi kwa asilimia 20. Itapata moto, itavuma kwa mtikisiko unaousikia hata spika ikiwa kimya, na baada ya saa mbili za harusi ya joto la Februari inaweza kuchoka kabisa. Dawa ni kuilisha volti pungufu. Kwa volti 100 usumaku unarudi ulipotakiwa kuwa, ila unapoteza karibu theluthi ya nguvu. Kwa volti 110 unakuwa katikati: usumaku umezidi asilimia 10, nguvu imepungua asilimia 16. Kwa amplifaya kubwa isiyosukumwa hadi mwisho, 110 ndiyo njia tunayoipendekeza, pamoja na kuweka mkono juu ya transfoma yake baada ya nusu saa. Ikikubali kushikwa, iko salama.

Halafu kuna volti inayoteremka yenyewe. Saa za magharibi, kila nyumba ina feni, taa na friji, na mwisho wa laini kijijini unaweza kupima 190 badala ya 230. Amplifaya yenye transfoma ya kawaida hupungukiwa nguvu kwa mraba wa volti: 190 kwa 230 ni 0.83, mraba wake 0.68. Wati 100 zimekuwa 68, na ile akiba uliyoinunua imeliwa kabla hujadonoa uzi. Mpigaji anayelalamika kwamba amplifaya yake ni safi mchana na chafu usiku, mara nyingi ndiko tatizo liliko. Stebilaiza ya VA 1000 au zaidi inasaidia, na ile ya mota ni bora kuliko ya rilei, kwa kuwa ya rilei hutoa mlio wa "tak" kila inapobadilisha. Amplifaya yenye ugavi wa 100–240 haihisi kitu mpaka volti ishuke mno, na hii pekee ni sababu ya kutosha ya kuipendelea visiwani.

Frijigadi ya nyumbani inalinda vizuri, lakini isipelekwe jukwaani. Ikikata kwa sababu volti imeshuka, hungoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha, na bibi harusi hawezi kungoja.

Penye jenereta, washa jenereta kwanza, iache itulie dakika mbili, kisha chomeka amplifaya. Wakati wa kuhama kutoka jenereta kwenda umeme wa kawaida, zima amplifaya kabla mtu hajagusa swichi kubwa. Jenereta ndogo za bei rahisi huruka volti mzigo mkubwa unapoondoka ghafla, kwa mfano kompresa ya friji ya vinywaji.

Na waya ya ardhi. Mpigaji wa stili ameshika chuma kwa mikono miwili muda wote: kile cha kutelezesha na nyuzi zenyewe, na vyote vimeunganishwa na ardhi ya amplifaya. Akiinamia maikrofoni kuitikia, midomo yake inagusa ardhi ya miksa. Kama moja kati ya hizo mbili haina ardhi ya kweli, mkondo unapita mwilini. Kwa hiyo pini ya ardhi haikatwi wala haifunikwi kwa utepe, hata kama mvumo unaudhi. Kabla ya kuanza, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye kichwa cha maikrofoni. Isome karibu na sifuri. Ukiona makumi ya volti, usiguse mpaka fundi wa umeme aone soketi. Njia rahisi ya kupunguza hatari ni kuvilisha amplifaya na miksa kutoka soketi moja ya ukutani.

Kutoka pikapu hadi tundu la kuingilia

Pedali nyingi za sauti zina poti, yaani kikinza kinachobadilika ukiisukuma, ya kilo-omu 500. Poti ikiwa katikati ya njia yake ya umeme, yaani pale inapotumika zaidi, ukinzani wake kuelekea amplifaya unafika kilo-omu 125. Waya ya gitaa ina kapasita ya asili, kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Waya ya mita 6 kutoka pedali hadi amplifaya, basi, inaanza kula sauti za juu kuanzia hezi 2100 hivi. Ya mita 3 inaanzia 4200. Unasikia sauti ikiwa na giza pedali ikiwa nusu, kisha inang'aa ghafla ukiisukuma hadi mwisho. Wengi hulaumu amplifaya na kuongeza trebo, ndipo nota zinazovutwa zinaanza kuchoma.

Fupisha waya ya baada ya pedali, au weka bafa ndogo kabla ya pedali na baada yake. Ya kabla inamtenga pikapu na poti, ya baada inaitenga poti na waya.

Amplifaya yenye matundu mawili ya kuingilia: kwenye Fender za zamani, tundu la 2 likitumika peke yake hupunguza desibeli 6, na ukinzani wake ni kilo-omu 136 tu badala ya megaomu 1. Linakuokoa na pikapu yenye nguvu nyingi, ila linafifisha sauti za juu. Jaribu tundu la 1 kwanza, punguza kwa kitufe.

Kuipanga

Weka besi, kati na trebo katikati. Zima mwangwi, zima swichi ya mng'aro. Sukuma pedali ya sauti hadi mwisho, shusha kitufe kikuu karibu na sifuri, kisha donoa nyuzi tatu za chini kwa nguvu huku ukipandisha kitufe cha kuingilia. Mkwaruzo ukianza, au taa nyekundu ikiwaka, rudi nyuma kidogo. Hapo umepata kikomo. Sasa rudisha pedali nusu, bendi ianze, na upandishe kitufe kikuu mpaka uwe sawa nao pedali ikiwa nusu. Kosa la kawaida ni kulinganisha sauti na bendi pedali ikiwa mbele kabisa: mpigaji wa namna hiyo hana pa kwenda uzi unapofifia, na nota zake zinakufa mapema.

Sauti ya puani inakaa karibu na hezi 800. Amplifaya za Peavey za stili zina kitufe cha kuchagua masafa ya kati na kingine cha kuyashusha. Anzia 800 na ushushe mpaka pua ipotee, usizidishe, la sivyo stili inapotea pia. Kwenye Fender, kati iwe 3 au 4, trebo 5, besi 4.

Mwangwi uwe mdogo kuliko unavyoutaka ukiwa umekaa peke yako. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene za mawe na chokaa, na sakafu ya saruji, zima kabisa, jengo litafanya kazi hiyo.

Mahali pa kuiweka

Masikio ya mpigaji aliyekaa yako mita moja na robo hivi kutoka sakafuni, na amplifaya ikiwa chini inampiga magotini. Anaongeza trebo asikie, na aliye safu ya tatu ukumbini anaumia. Iinue juu ya kiti au iegemeze nyuma, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa mpigaji, upande wa mguu wa kulia. Isiwekwe pembeni mwa kuta mbili, kwani besi hurundikana hapo. Transfoma ya kushushia ikae mita mbili mbali na gitaa.

Katika kundi la taarab, ganuni na udi vina maikrofoni zinazosikia kila kitu. Amplifaya ya stili isielekee huko. Ielekee mbele kwa mshazari, na ganuni iwe ubavuni au nyuma yake. Fidla na kodiani zimejaa kati ya hezi 1000 na 3000, na mwimbaji yuko palepale, hivyo stili ikipunguza kidogo eneo hilo itasikika zaidi ikiwa na sauti ndogo kuliko kama ingeshindana. Kwenye uwanja wazi kama Ngome Kongwe hakuna dari ya kurudisha besi. Ongeza besi kidogo na umwachie fundi wa miksa akupeleke mbele kwa DI.

Mvumo ukisikika, geuza gitaa robo mduara. Mvumo ukibadilika, unaingia kwa pikapu: tafuta taa za kupunguza mwanga, chaja, au transfoma iliyo karibu. Usipobadilika, ardhi zimekutana mahali pawili: bonyeza swichi ya kuinua ardhi kwenye boksi la DI, na hapo tu.

Chumvi na unyevu

Pwani hainusuru chuma. Matundu ya jeki yanashika ukungu wa kijani, poti zinakwaruza, mabati ya spika yanaota kutu. Poti hupulizwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme, kisha huzungushwa mara ishirini. Mafuta ya cherehani yatanyamazisha mkwaruzo wiki moja, halafu yakusanye vumbi. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, iwashe hata kama hupigi, nusu saa kwa wiki, joto lake likaushe ndani. Ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, ingoje nusu saa kabla ya kuwasha, maana unyevu huganda juu ya vyuma vilivyopoa. Baada ya shoo usiifunike ingali moto.

Amplifaya ikipotea sauti ghafla, au ikawa inatoa sauti hafifu iliyochafuka, kabla ya kuipeleka kwa fundi tazama nyuma kama ina matundu mawili ya kupitishia vifaa vya nje, moja la kutoa na moja la kurudisha. Ndani ya tundu la kurudisha kuna swichi ndogo ya bati inayopitisha sauti pale ambapo hakuna kitu kimechomekwa. Chumvi inaipaka, na sauti yote inakatika hapo. Chomeka na kuchomoa jeki mara kumi. Ikirudi, umeipata, ikipotea tena, unganisha matundu hayo mawili kwa waya fupi na uendelee na shoo. Ya valvu usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa: kapasita zake hushika zaidi ya volti 400 muda mrefu baada ya taa kuzimika.